Pia ya Goti Iliyosusa

Usiku wa jana, haki ya Mungu, niliota pia ya goti langu la kulia imefungasha virago na kuhamia upande wa nje wa mguu. Nimelazwa hospitali, nilipasuliwa mchana. Lakini ndotoni niko sebuleni kwa mama mkwe, Misungwi.

"Rudi mahali pako," naiambia.

"Sirudi," inajibu, imekalia kibegi chake. "Kamba ya ndani iliyokuwa ikinishika ilikatika siku ile ulipompigia magoti mama mkwe. Nikae na nani?"

Siku ile naikumbuka vizuri. Kwetu Usukumani mkamwana hasalimii wakwe akiwa wima. Nilishuka kwa adabu zangu zote, pia ikahama, nikapiga yowe, nikaangukia sufuria ya mchuzi. Tangu hapo namsalimia nimesimama kama mlingoti, na shangazi zake Ngassa, mchumba wangu, wanasema nina kiburi na harusi ifikiriwe upya. Iliniuma, jamani.

Basi kikao kikaitishwa. Kano za nyuma ya paja ziliingia, ndugu watupu, zikajipanga kwenye kochi. Daktari Mashimba, yule aliyenipasua, akauliza nani atakwenda kuishika pia.

"Mimi," ikasema moja nyembamba. "Huku kazi yangu wenzangu wataibeba."

Kochi sasa ni meza ya upasuaji. Hakuna anayeshangaa. Daktari anatoboa tundu kwenye mfupa wa paja, anaichomeka kano.

"We daktari!" mfupa unang'aka. "Mgeni anaingia bila hodi?"

Daktari anaomba radhi, anaitoa. Kano inapiga hodi mara tatu, inakaribishwa, inaingia. Ndipo anaanza kukaza.

"Taratibu!" pia inalia. "Nikibanwa naumia, nikiachiwa nahama!"

"Likunje goti kidogo ndiyo ukaze," anasema mama mkwe, ambaye udaktari hajausomea hata siku moja. "Mtu hafungwi kamba ukasema ametulia kwake."

Daktari anatii. Pia inajaribu kushoto, inajaribu kulia, kisha inafungua kibegi na kutandika.

Kwa furaha nataka kupiga magoti palepale.

"Bado!" wanapiga kelele wote. "Mfupa haujamzoea mgeni!"

Sasa salamu itakuwaje? Shangazi wananitazama, midomo wameibinua. Mama mkwe anakusanya kitenge chake, anashuka chini, magoti yote mawili, mbele yangu mimi.

"Mwangaluka, mwanangu."

Shangazi mmoja anaanguka na kiti chake. Mimi nacheka mpaka machozi.

Nikaamka. Kumekucha, goti limefungwa bandeji, sakafu ya wodi ndiyo kwanza imepigwa deki, maji tele. Mama mkwe ameketi kando ya kitanda na chupa ya uji. Kitenge chake kimelowa mahali pawili tu, magotini.

"Mama, umelowa."

"Hebu nyamaza," akasema. "Kunywa uji."