Kidole Kisichoinuka

"Inua kidole!" Bwana Ejore, msimamizi wa mtihani, alifoka. "Gonga herufi, inua. Gonga, inua. Hiyo simu si ngozi ya kupaka mafuta!"

Makarani wengine wakacheka. Nakaale hakucheka. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya kioo cha simu ya mtihani, na kila alipokitelezesha, simu ilitema herufi moja kisha ikanyamaza. Kuna mtu aliyekuwa amezima uandishi wa kutelezesha kwenye simu zote za mradi wa kuandikisha mifugo. Na mradi ulikuwa umetangaza waziwazi: atakayeshindwa mtihani huu wa Lodwar atapoteza kiti chake kwenye lango la soko la mifugo. Kiti cha Kakuma alikuwa amekikalia kwa miaka sita, akiandika kila mnyama aingiaye, rangi yake na mwenyewe.

Shule hakuwahi kuingia. Marehemu mumewe alikuwa mpiga chapa kule Lopur, na yeye ndiye aliyekuwa akiwashika wanyama wakati chuma cha moto kikichora alama ya ukoo ubavuni. Chapa za watu alizijua kama anavyowajua wanawe. Basi kabla hajapata kiti hicho, siku Elie, Mkongo achajishaye simu za watu pale sokoni, alipomwonyesha kwamba neno zima laweza kuandikwa kwa mstari mmoja, hakushangaa hata kidogo.

"Usiinue kidole, mama," Elie alimwambia. "Pitisha tu, mupaka mwisho."

Chapa hiyo, Nakaale alijiambia. *Mbuzi* huanzia chini kulia, husogea kidogo kushoto, hupanda, huporomoka hadi kona ya chini kushoto, kisha huruka tena juu kulia. Kiangazi kilipokwisha alikuwa na maneno mia mbili mkononi. Elie aliiingizia simu majina ya Kiturkana, maana yenyewe haikuyajua. Kusoma kulikuja baadaye: aliyatambua maneno mazima, kama mtu anavyotambua sura.

Sasa alikirudisha kile kisimu cha mradi mezani na kuchomoa chake kwenye ushanga kifuani.

"Soma hiyo maneno yako," alisema.

"Mama, sheria ni simu ya mradi."

"Soma. Ama unaogopa?"

Bwana Ejore, kijana wa shati lililonyooshwa vizuri, alikohoa, akasoma sentensi ya mtihani kama anayemkomoa mtu: "Mbuzi wanne wekundu wa Akoru wa Lopur wameingia sokoni asubuhi."

Kidole cha Nakaale kiliteleza. Kilipanda, kikashuka, kikakata kona. Wenzake walikuwa bado wanagonga jina la Akoru alipoiweka simu mezani. Namuar, karani wa Kerio, alichungulia na kusema polepole, "Iko sawa. Yote."

Bwana Ejore aliinama kuisoma ile sentensi.

"Simu ndiyo imeandika," alisema. "Wewe umepapasa, yenyewe ikakisia. Hebu niambie herufi ya kwanza ya mbuzi ni gani."

"Sijui jina yake."

"Mnaona? Hajui!"

"Mimi najua mahali inakaa!" Nakaale alisimama, hasira imempanda hadi masikioni. "Wewe unajua jina ya herufi. Chapa ya Akoru unajua? Mbuzi ya wizi ikipita mbele yako na chapa imeharibiwa, utaona? Miaka sita, mbuzi ya wizi haijapita kwa lango yangu. Hata moja."

Bwana Ejore alikimbilia karatasi. Akavuta fomu, akaandika *Ameshindwa*, kisha akafungua kisanduku cha wino na kumsogezea. "Weka dole gumba hapa, kwamba umekubali kuachia kiti. Bila hiyo siwezi kuweka mtu mwingine."

Nakaale aliutazama ule wino. Dole gumba ni la mtu asiyeandika. Kisha akainamia simu yake, na kidole kikaenda, safari hii bila haraka yoyote.

Simu ya Namuar ikalia. Ikafuata ya jirani yake, na nyingine, hadi ikalia ile iliyokuwa mfukoni mwa Bwana Ejore. Lilikuwa kundi la mtandaoni la makarani wote wa masoko ya Turkana, nalo lilikuwa limepokea ujumbe mmoja:

*Hapana. Sitaweka dole gumba. Siku ya soko nitakuwa langoni.*

Bwana Ejore alisoma. Alipoinua macho, Nakaale alikuwa keshafika mlangoni, shuka begani, hageuki nyuma. Fomu ilibaki mezani, nafasi ya dole gumba ikiwa nyeupe, na upepo uliokuwa ukiingia dirishani ukawa unaichezea pembe.