Vipete vya Bawasiri

Fundi viatu asiyeweza kukaa ni sawa na kinyozi asiye na mikono. Bawasiri ilinitesa mwaka mzima. Nashona nimesimama kama korongo, damu inanichafulia suruali, na wateja wananiuliza, "Fundi, umekalia msumari?"

Ndipo hospitali ikatangaza kwa kipaza sauti: bawasiri sasa haikatwi! Unavishwa kipete cha mpira, kinakaba uvimbe, unakauka na kudondoka wenyewe. Siku hiyohiyo unarudi kwako kwa miguu. Mimi kisu sitaki hata kukisikia. Marehemu mke wangu alisubiri siku tisa pale vifaa viletwe, akafia kwenye meza ya upasuaji.

Nikaenda. Muuguzi akanipima. "Baba, yako inafungika kabisa. Ila vipete hatujaletewa. Labda ukatwe Alhamisi."

"Nikatwe mimi? Thubutu!"

Akanisindikiza masijala kurudisha faili. Karani wa pale kafunga kalamu zake mafungu mafungu, nyekundu mbali, bluu mbali, kwa vimpira vidogo kama pete ya kichanga.

"Vizuri, eh?" akajisifu. "Stoo walituletea boksi zima, nimelimaliza lote. Vinabana hivyo!"

Muuguzi akashika kichwa. "Mama yangu wee! Si ndivyo vya bawasiri hivyo!"

Basi, kalamu za serikali zimetibiwa kabla yangu.

Nikapelekwa kwa mganga mkuu. Kiti chake kinazunguka, naye anazunguka nacho.

"Kosa dogo tu la stoo," akasema akicheka. "Tutaagiza vingine, miezi mitatu hivi. Keti, mzee wangu, keti." Halafu akanitambua. "Kumbe ni wewe fundi! Viatu vyangu je? Waziri anakuja Jumamosi."

Viatu vyake vilikuwa kibandani kwangu, soli kando, ngozi kando.

"Mkuu, soli ile hushonwa mtu amekaa. Nikikaa, nitashona."

"Unanitania, mzee?"

"Kosa dogo tu la fundi."

Siku ya tatu vipete vikafika, kwa gari la wagonjwa, king'ora juu. Nikafungwa asubuhi. Kesho yake niko kwenye kigoda changu, nashona. Soli nikaikaza vizuri. Kazi ni kazi.

Miezi mitatu ikawa siku tatu. Mke wangu alisubiri tisa. Maskini, hakuwa ameshika kiatu cha mkubwa yeyote.