Tarehe na Cheo

...maana sheria iko wazi, kifungu cha hamsini na moja, Abigael angeweza kukisoma usingizini, mwajiri atampa mtu cheti chenye jina lake, siku aliyoingia, siku aliyotoka, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, basi, hapana palipoandikwa kwamba mwajiri analazimika kumsifu mtu wala kumsema, na juu ya hilo ipo ile karatasi aliyotia sahihi na hoteli ya Watamu siku aliyoondoka, mbele ya wakili, kwamba yeyote atakayepiga simu kuuliza habari zake ataambiwa tarehe na cheo tu, kwa hivyo hapakuwa na sababu ya viganja kulowa namna hii, akavifuta kwenye sketi, akakaa vizuri kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa Bwana Mwambire, mkuu wa wafanyakazi, mlango usiofungika kwa kuwa kitasa kimeliwa na chumvi, hoteli ya nyota nne hapa Kikambala na mlango wa afisi ya wafanyakazi umeegemezewa mtungi wa kuzimia moto, kazi hii akiipata kitasa hicho kitabadilishwa siku hiyo hiyo... akiipata, maana mahojiano yalikwenda vyema, Bwana Mwambire anastaafu na anatafuta wa kumrithi, alicheka mara mbili, akasema, "Hebu nimpigie mwenzangu wa Watamu, ni dakika tu mama, nisubiri hapo nje," kwa adabu ile ya pwani inayokukaribisha huku inakunja mkeka, na sasa sauti yake ilimfikia vipande vipande, feni ikiikata, "...naam, salama kabisa... na huko joto?... aa, hapa ndiyo usiseme... wageni wapo, wachache, tunashukuru..." salamu dakika ya tatu hii, mtu anangoja hukumu na hakimu anauliza hali ya hewa, miezi kumi na minne bila kazi, mahojiano sita, yote mazuri, yote yakaishia tutakupigia na hakuna aliyepiga, na miezi yote hiyo akilala chumba cha nyuma kwa ndugu yake Hesbon pale Kilifi, ambako wifi yake ameanza kuweka sukari chumbani kwake mwenyewe na kusema, "Dada, si wewe hunywa chai bila sukari?", mara sita simu imepigwa Watamu na hajawahi kuisikia hata moja, hii ndiyo ya kwanza, na upande wa pili wa simu yuko Caroline, ambaye yeye Abigael kwa mkono wake alimtoa kaunta ya mapokezi, akamketisha mezani akamfundisha kazi, na kazi yenyewe ilikuwa hii hii ya kujibu simu, sikiliza Caroline, usimseme mtu vibaya kamwe, neno baya lina mahakama, wewe thibitisha tarehe, thibitisha cheo, na akikuuliza tabia yake je, mwambie kwa upole kabisa, bwana, mimi nimeruhusiwa tarehe na cheo, kisha nyamaza, usikohoe, usiage, nyamaza tu mpaka mwenyewe aseme aa, nimekuelewa, maana kimya hakuna aliyewahi kukishtaki... na kwa waliomfurahisha kulikuwa na jibu jingine, sheria ile ile, tarehe na cheo, halafu kicheko kidogo na, huyo ukimpata mshike, kwani nani hushtakiwa kwa kumsifu mtu, kwa hivyo hotelini wote walijua kuna simu ya kicheko na simu ya kimya, na Baya alipata ya kimya, Baya mpishi wa mikate, kosa lake kumsahihisha Abigael mbele ya meneja kuhusu siku za likizo, na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililouma, hoteli tatu zilipiga simu kumwulizia na mara tatu Abigael alinyamaza huku akijitazama kucha, Baya akaja mpaka mlangoni amevaa shati la kanisani, "Mama, kwani umewaambia nini?", "Tarehe na cheo, Baya, waulize," na ilikuwa kweli, alikwenda kuuliza na akaambiwa hivyo hivyo, sasa anakaanga mahamri kando ya barabara ya Watamu, Abigael aliwahi kusimamisha tuktuk akanunua mawili akamwambia ni matamu, sifa pekee alizowahi kumpa... "...ee, jina lake Abigael, ndiyo huyo... miaka minane?..." wameanza, sasa sema Caroline, sema tarehe, lakini useme kwa sauti gani, maana Caroline ndiye aliyefungua faili akakikuta kile cheti cha uongo kilichomtoa Abigael kazini, alichomwandikia Hesbon kwamba amekuwa fundi wa mabwawa ya kuogelea hotelini kwa miaka mitatu, Hesbon asiyejua hata kuogelea, na Caroline alitafuta nambari yake ya kazi asiione, akaipeleka karatasi kwa meneja kwa uangalifu ule ule aliofundishwa, hata hakumchongea, alisema tu, nambari haipo, kisha akanyamaza... mwanafunzi mwema yule... "...na wewe mwenyewe mwanangu, kwenu hasa wapi?... Matsangoni? Matsangoni ya wapi, ya kanisani ama ya ng'ambo ya lami?... Sasa wewe si ni mtoto wetu..." kikafuata kicheko kirefu, kiti kikalia, na Bwana Mwambire akahamia Kigiriama kama mtu avuaye viatu akiingia kwake. Abigael akainua kichwa. Akasogeza kiti kidogo kuelekea mlango, kana kwamba tatizo ni umbali, miaka kumi na miwili pwani na hakujifunza zaidi ya salamu yao, mudzalamukadze, na hiyo aliijua kwa kuisikia ikinyamazishwa, maana alikuwa ameandika tangazo akalibandika mesi ya wafanyakazi, Kiswahili na Kiingereza tu, tuheshimiane, atakayekamatwa atafagia mesi wiki nzima, na waliofagia wote walikuwa wa huku huku, yeye na Moraa wa jikoni walipozungumza kila mmoja lugha ya kwao kwenye simu, hiyo ilikuwa dharura, na Caroline naye alifagia, kabla hajawa wa afisini, kosa lake kumwuliza mpishi kwa lugha yao kama mtoto wake ameamka na nafuu, alifagia siku zote saba bila kusema kitu na Abigael akapenda ule utulivu, ndio uliomfanya amchague... Mwambire akasema jambo refu lililopanda na kushuka, ndani yake likatokea jina Abigael, peke yake, kama jiwe kwenye wali, halafu akasikiliza, mh, mh, akacheka, sasa kinachochekwa ni nini, ni Hesbon na bwawa, ni tangazo, ama wanamcheka mtu mwingine kabisa, shangazi wa Matsangoni, na akishtaki atashtaki nini, wakili atauliza, mama, walivunja makubaliano kwa maneno gani, naye ajibu, sijui, lakini walicheka... ngoja, ngoja kwanza, hata mtu akizungumza lugha ya kwao miaka huitaja kwa Kiswahili ama Kiingereza, na hapa haujasikika mwaka hata mmoja, wala mwezi, basi huyu msichana hasomi tarehe, anaeleza, anavunja karatasi ya wakili waziwazi mchana kweupe, na hasira ikampanda Abigael, akawa ameshashika mkoba asimame, aingie, aseme, Bwana Mwambire, samahani, hiyo ni kinyume cha sheria... akabaki na mkoba mapajani, maana lilimjia wazo jingine, likaketi juu ya hasira likaizima, kwamba ile karatasi aliyoipigania mbele ya wakili, tarehe na cheo tu, ndiyo iliyomnyonga mara sita, Caroline hakumwonea hata siku moja, alifuata sheria, akanyamaza, nao wakasema aa, tumekuelewa, hivyo kama leo anafuata sheria Abigael amekwisha, na kama anaivunja, basi aivunje, Bwana wee aivunje vipande vipande, aseme lolote, mwanamke mkali lakini kazi anaijua, alikosea mara moja kwa ajili ya ndugu yake, nani hana ndugu, mchukueni, na akajikuta anaombea kosa ambalo angemfukuzia Caroline kazi, akaanza kumtafutia la kusema, jema moja tu la kuegemeza, siku aliyofiwa na mama yake je, nilimpa ruhusa, ndiyo, nilimpa, baada ya kumwambia alete kwanza kibali cha mazishi... lile la kumpandisha cheo, nalo kwa vile tu hajibizani... akaipekua miaka minane kama mtu apekuaye mkoba mbele ya kondakta, mara ya tatu mifuko ile ile, na ndani Mwambire alikuwa anasema taratibu, kwa huzuni ama kwa heshima, lugha ile haikumwambia ni ipi, mh, mwanangu, mh, kisha kwa Kiswahili safi, kile cha kikazi, karatasi ikifunuliwa, "Haya, sasa nisomee hizo tarehe niandike, maana fomu nayo ina haki yake," akainua macho, akamwona Abigael kwenye uwazi wa mlango, akamwonyesha kiganja kwa adabu, mama, kidogo tu, uso wake mkunjufu kama ulivyokuwa mwanzo, si zaidi si pungufu, akainama na kalamu, "...tarehe mosi Machi, elfu mbili kumi na sita... hadi... thelathini na moja Agosti, elfu mbili ishirini na nne... cheo, mkuu wa wafanyakazi... mahali, Watamu..." akirudia kila kimoja polepole kama anayekula kiapo, na kila aliporudia Abigael pale kwenye kiti aliitikia kwa kichwa, sahihi, sahihi, hiyo nayo sahihi