Doa Lililorudi Nyuma

Mchoraji alipanda ngazi za kituo cha kuangalia jua akishika ukuta, akafika juu hana pumzi wala hamu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu amzike mumewe. Watu walimwambia kazi itamsahaulisha. Watu husema mengi, hasa wale ambao baada ya kusema wanarudi kwao kulala.

Kazi yenyewe ameifanya miaka ishirini na sita. Kila asubuhi yenye jua huielekeza darubini, sura ya jua ikatua kwenye karatasi nyeupe yenye duara, naye akachora kwa penseli madoa meusi yaliyo usoni mwake, kila doa mahali pake. Basi. Jirani zake walidhani anapiga ramli. Lakini ukizipanga karatasi hizo siku kwa siku, unayaona madoa yakihama kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na hapo ndipo unapojua kuwa jua linajizungusha. Tena halizunguki kama gurudumu. Ni gesi tupu, halina mifupa: kiunoni linakwenda haraka, siku kama ishirini na tano mzunguko mmoja, na kadiri unavyokaribia ncha zake ndivyo linavyozidi kujikokota, hadi siku thelathini na tano hivi. Wanagenzi wote waliopita pale walifundishwa hayo na Mchoraji, na aliyesahau alisemwa hadi akakumbuka.

Mkuu wa kituo, msichana ambaye angeweza kuwa binti yake wa mwisho, alikuwa ametandaza karatasi tisa mezani.

"Shikamoo, Mama. Kaa kwanza. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nipo nipo tu."

"Nilikuwa napitia michoro ya mwezi uliopita, ya wakati niko safarini. Hebu liangalie hili doa la juu, upande wa ncha." Mkuu aliweka kidole. "Siku nane linakwenda sambamba na lile la kiunoni. Siku ya tisa liko nyuma. Doa halirudi nyuma, Mama."

"Halirudi," Mchoraji alikubali.

Mkuu alishusha sauti. "Nimeangalia tarehe. Ya tisa ndiyo siku uliyofiwa. Nani asingekosea siku kama ile? Hata kama uliichorea nyumbani kwa kukisia, mimi siulizi. Niifute hii moja, niandike kulikuwa na mawingu, yaishe. Michoro yote inakwenda kwa watafiti wiki ijayo. Wakikuta kitu kama hiki watatilia shaka kazi yako yote, tangu siku ya kwanza."

Alikuwa ameshika kalamu nyekundu. Ilikuwa huruma ya kweli, na Mchoraji aliiona. Kilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu, kisha aende akanywe chai.

Alizitazama zile nane, akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Likizo yake ilikuwa imekwishia hospitalini kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani. Mchana kutwa alikuwa akimgeuza, akimfuta, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Jioni, mgonjwa akisinzia, alikaa kwenye meza ya jikoni na mchoro wa jana, akapima kwa rula hatua ya doa la kiunoni, akayasogeza madoa yote kwa hatua hiyohiyo. Yote, kana kwamba jua ni jiwe. Mwanagenzi wa siku ya kwanza angemcheka. Angeweza kuacha nafasi wazi, lakini hajawahi kukosa siku yenye jua hata moja, na kiburi hicho ndicho kilichomponza. Uchovu ulimalizia.

"Usiifute hiyo," alisema. "Futa hizo nane."

Mkuu hakuelewa. "Nane ndizo zinazolingana, Mama."

"Zinalingana kwa sababu nilizilinganisha mimi, jikoni kwangu. Doa la juu halikurudi nyuma. Mimi ndiye niliyelitanguliza kila siku, na siku ya tisa nikalikuta mahali pake."

Mkuu aliiweka kalamu chini. "Unajua nikiandika hivyo itabidi nitoe taarifa juu. Wanaweza kukusimamisha. Wanaweza kuikataa miaka yote."

"Najua. Andika."

"Lakini siku ya tisa..." Mkuu alisita. "Siku ile hukuwa nyumbani?"

Mchoraji alivuta kiti, akakaa. "Zile nane zilikuwa zinaninyima usingizi. Asubuhi ile wifi yangu alikuja, nikamwachia mgonjwa. Nikasema niende mara moja, nichore moja ya kweli, roho itulie. Soma saa niliyoandika pale pembeni."

Mkuu aliinama, akasoma. "Saa nne kamili."

"Saa nne kamili ndipo alipokata roho. Wifi anasema mume wangu aliniita mara mbili." Mchoraji aliivuta ile karatasi ya tisa, akaishika kwa mikono yote miwili. "Mimi nilikuwa hapa, mwanangu. Nilikuwa nachora doa hili."