Firimbi ya Mtoni

Faili ya Mwiti, soja aliyepotea usiku akilinda kiwanda cha kahawa upande wa mtoni, ilikuwa imelala mezani pa Kithinji tangu mvua ndefu, na leo Oscar, mkubwa wa kampuni ya ulinzi, alitaka ifungwe.

"Andika alitoroka na wezi wa kahawa, mambo yaishe."

Kithinji, mpelelezi wa kampuni, hakuandika. Nje ya geti la kiwanda hicho, huko juu ya mji wa Nkubu, Karambu, mama yake Mwiti, alikuwa ameketi kwenye gunia lake kama kila siku. Kanisani hawakutaka kumwombea mtu aliyeitwa mwizi. Kila Kithinji akipita, mama huyo humwuliza, "Leo mwanangu anaitwaje?" Swali hilo lilimfuata hadi kitandani kwake, mtaani Kinoru.

Akawaita masoja, akawauliza upya.

"Afande, tumesema mpaka mate yakatukauka," akasema Gitari, soja wa geti. "Jioni ile Mwiti alipiga firimbi moja. Moja ni salama, tatu ni hatari. Tukamjibu, kila mtu akakaa kwake. Asubuhi yeye hayuko, na kahawa haiko."

"Alipiga baada ya nani?"

"Baada ya..." Gitari akaanza kuhesabu kwa vidole. Pale kiwandani firimbi ya salama huanzia getini, hupitia stoo, huishia mtoni kwa Mwiti. Hakuna anayetangulia geti.

"Mimi nilikuwa sijapiga," akasema polepole. "Hata tulicheka. Nikasema, leo Mwiti ana haraka kama bwana harusi."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya tatu," Kithinji akasema. "Mbili alinyimwa nafasi ya kuzipiga. Na nyinyi mkamjibu salama."

Wakashuka mtoni na majembe. Barabara walishaipekua yote hadi Embu, lakini shimo la maganda ya kahawa hawakuwa wameligusa, kwa maana mtu aliyesema yuko salama nani atamtafuta shimoni? Maganda yalifuka mvuke, yakanuka kama pombe iliyochacha. Koti la kijani likatokea kwanza. Walipofika kichwani, firimbi ilikuwa bado katikati ya meno.

Polisi wakaitwa. Kithinji akaandika failini: aliuawa kazini. Kisha akaenda getini, akachuchumaa mbele ya gunia.

"Mama, leo anaitwa Mwiti. Hakutoroka. Alikuwa anatuita."

Karambu hakulia. Alikunja gunia lake, akaenda kanisani kuwaambia.

Walimzika vizuri, kwaya ikaimba. Lakini lindo la mtoni kila soja alilikataa, likabaki bila mtu.

Jioni moja baada ya mazishi, ukungu ukiteremka, Gitari aliinua firimbi hadi mdomoni, Kithinji akiwa kando yake getini. Kabla hajapuliza, moja ikalia kule mtoni.

Hakuna aliyejibu. Wote waliacha malindo yao wakakimbia kuteremka, Kithinji mbele, bila hata kuulizana wanamkimbilia nani.