Mume Aliyeitwa Welthi

Mwasiti hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Kwa Waswahili wa Rumonge, mji wa ziwani kaskazini ya Kigoma, mke mwenye adabu hafanyi hivyo, hasa mbele ya mama mkwe. Wenzake waliwaita waume zao Baba Amuri, Baba Kadidja. Yeye alikuwa bado hajazaa. Basi mumewe Swedi, fundi wa mitumbwi, akamletea jina kutoka Kigoma.

"Niite Welthi. Ni Kiingereza."

"Maana yake?"

"Mwenye mali. Lakini hawasemi hivyo kwa kila mwenye pesa. Aliyeuza mawese leo akanunua baiskeli, bado. Welthi ni yule ambaye hata wajukuu zake watakula."

"Na wewe una tezo moja na suruali mbili!"

"Kwani wajukuu wamekuja kulalamika?"

Bibi Batuli, mama yake Swedi, alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani. "Tuna tajiri, tuna mkwasi, tuna mwenye nacho. Kiswahili kimekukosea nini, weye?"

Mwasiti akacheka, na jina likakaa.

Mwezi wa tano mwaka 1972, siku chache baada ya waasi kuushambulia mji, askari walikuja na malori. Waliwasaka wasomi na wenye mali, na kila Mswahili walimshuku kuwa amewasaidia waasi. Wanaume wa mtaa wakaketishwa chini karibu na msikiti. Wake wakaitwa mmoja mmoja: kila mmoja amtaje mumewe, aondoke naye.

"Baba Amuri," alisema wa kwanza. Mume akainuka, wakaenda.

Zamu ya Mwasiti ikafika. Bibi Batuli alikuwa amemshika mkono.

"Welthi," alisema Mwasiti, akimwonyesha Swedi kwa kidole.

Askari mmoja aliyewahi kuishi Kampala akageuka. "Umesema? Hilo ni neno la matajiri wakubwa. Pesa za waasi zimetoka kwake, eh?"

"Hapana, afande! Ni mzaha wa nyumbani. Huyo anachonga mitumbwi. Tazama mikono yake!"

"Basi sema jina lake la kweli."

Mwasiti akafungua kinywa. Akamtazama mama mkwe, na ulimi ukamgomea. Askari akaona amepata jibu. Swedi akasukumwa garini pamoja na walimu wawili.

"Sema, mwanangu!" Bibi Batuli alipiga kelele. "Adabu ya nini tena? Mtaje!"

"Swedi!" Mwasiti alilia. "Anaitwa Swedi! Swedi wa Alimasi!"

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka. Swedi alisikia, akainua kichwa kati ya bunduki, akamtazama mkewe kama mtu aliyeitwa kwa mara ya kwanza. Mwasiti akakimbia akilitaja jina lile, tena na tena, hadi njia ya kwenda Kizuka ikabaki na vumbi tupu na sauti yake mwenyewe.