Kiinua Mgongo Kimetoka

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba kiinua mgongo changu kimetoka. Hilo peke yake si ajabu, maana kilitoka kweli wiki iliyopita, baada ya kunizungusha karibu mwaka mzima. Ajabu ni kwamba kwenye ndoto hakikutoka hazina. Kilitoka mgongoni kwangu.

Nilikisikia kikitoka. Pingili za uti wa mgongo zililegea moja moja kuanzia kiunoni, bila maumivu, kama vifungo vya sweta la zamani. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana wanakiita hivyo. Nikajiona mjinga kwa kuuguza watu miaka yote ile bila kulitambua jambo la wazi namna hii.

Nipo kwenye foleni. Ni benki, ila harufu ni ya wodi ya wazazi, dawa ya kusugulia sakafu na uji wa ulezi. Nimembeba Atu mgongoni kwa kitenge.

Atu ni Atuganile, mjukuu wangu, wa miaka saba. Alizaliwa na mgongo wazi. Walimpasua, wakamshona, kovu likafunga vizuri, lakini miguu haikuamka. Mama yake, binti yangu Tumpe, alitutoka mtoto akiwa bado ananyonya, na tangu hapo wa kumbeba ni mimi: kliniki, kanisani, sokoni, na mwakani, Mungu akipenda, shuleni. Kwa kawaida huyu mtoto anaongea mpaka unamwomba apumzike. Kwenye ndoto alikuwa kimya, na ukimya wake ulinitia hofu tangu mwanzo.

Dirishani hakuna karani. Yupo Mizani, ile ya kupimia watoto wachanga, yenye uso wa duara, mshale mwekundu na ndoano chini. Ananing'inia, lakini hajaning'inizwa popote. Nilipoajiriwa nilimkuta yeye kazini, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Mizani. "Mgongo mmoja, wa serikali, umetumika. Tunaugawaje?"

Swali hilo nilikuwa nimelala nalo. Jioni yake mdogo wangu Andalwisye alikaa sebuleni kwangu mpaka chai ikaweka utando, akizigawa fedha zangu kwa vidole vya mkono wake. Hiki kiwanja cha Uyole, hiki mpunga wa Kyela, hiki parachichi za Tukuyu, hiki hati fungani za serikali. "Tawanya, dada," alisema. "Ukirundika mahali pamoja, kikianguka umeanguka nacho." Andalwisye si mtu mbaya. Ananunua na kuuza tangu akiwa na kaptula ya shule, na nyumba yake haijawahi kulala njaa. Lakini vidole vilikwisha na Atu hakupata hata kucha. Nilipouliza habari ya kiti mwendo, na mtu wa kumsukuma mpaka darasani, alisema hiyo siyo mali, hayo ni matumizi. Tukaagana kwamba asubuhi angekuja na watu wa kiwanja.

"Sheria ni moja tu," Mizani ananiambia. "Pingili mbili zisikae pamoja."

"Siku zote zilikuwa zinakaa pamoja."

"Ndiyo maana zinauma."

Zilikuwa zinauma kweli.

Mizani akamwita wa kwanza. Kwenye benchi la kusubiria alikuwa amekaa Kiwanja, na alikuwa amelijaza benchi lote, majani yake yakining'inia hadi sakafuni. Alikuwa na bikoni nne za zege, zile za mpaka, moja kila pembe, na alizikunja kwa adabu kama mtu aliyekunja mikono. Wengine walikuwa wamesimama.

"Mwombe asogee kidogo," nikamwambia Mizani. "Kuna wajawazito hapa."

"Mimi ni mali isiyohamishika," akasema Kiwanja. "Ningesogea, ningekuwa kitu kingine."

Akachukua pingili ya kiuno, akaipanda katikati yake, akaishindilia udongo. Nikashuka kidogo. Nilishuka kiasi cha mtu aliyevua viatu, na sikujali.

Mara tukawa ghalani. Sikutembea. Nilifumba jicho kwa ajili ya vumbi, nilipofumbua tukawa kati ya magunia ya mpunga yaliyopangwa hadi darini. Kulikuwa na baridi ambayo Kyela haina. Magunia yote yalikuwa yamelala chali na yalikuwa yanapumua.

"Yanaumwa?" nikauliza.

"Tunasubiri bei," likasema gunia lililokuwa karibu na sikio langu, bila kufumbua macho. Gunia la juu yake likarudia maneno hayo, na la juu yake tena, mpaka sauti ikapotelea darini.

"Bei inakuja lini?"

"Watu wakianza kulala mapema."

Nilielewa. Mwaka wa njaa nimewahi kupita mtaa mzima saa ya chakula cha jioni nikakuta taa zote zimezimwa. Nilitaka kusema kwamba sitaki, lakini gunia lilikuwa limeshafungua kamba ya mdomo wake, na pingili yangu ya pili ikaingia humo bila mlio.

Nilikuwa sasa nimeinama kama mtu anayefagia. Kitenge kikalegea. Nikamvuta Atu juu, nikakaza fundo, nikamuuliza kama yuko sawa. Nilisikia pumzi yake tu shingoni, moto na ya haraka.

Hati Fungani na Parachichi niliwakuta kwenye ngazi, wakigombana. Hati Fungani alikuwa karatasi safi, ndefu, yenye mihuri, na alikuwa na kamba zinazotoka ubavuni.

"Naiva baada ya miaka ishirini," akasema Hati Fungani.

"Hata mimi naiva," akasema Parachichi.

"Wewe ukiiva unaoza."

"Na wewe ukiiva mwenyewe ameoza," akasema Parachichi, akinionyesha mimi kwa kikonyo.

Hati Fungani aliniomba mikono. Nilidhani ananisalimia, nikampa, naye akanifunga vifundo vya mikono kwa kamba zake, taratibu, kwa mafundo ambayo hata mimi, niliyefunga vitovu vingi, sikuyajua. Nikamuuliza hiyo miaka ishirini ikifika nami sipo itakuwaje. Alisema hilo halimhusu. Kazi yake ni kufunga, ndiyo maana ya jina. Pingili zikaendelea kutoka. Huku moja, kule moja, nyingine ikazikwa chini ya mche wa parachichi ambao bado ulikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni. Nyingine walipewa watu nisiowajua. Mwisho nilikuwa nimelala juu ya hewa, tumbo chini, na mjukuu wangu amekaa juu yangu kama amekaa juu ya meza.

Tukarudi dirishani. Mizani aliuzungusha uso wake akaniangalia, kisha akaangalia juu yangu.

"Na hicho?"

"Ni mjukuu wangu."

"Hakijapangiwa. Kila kitu lazima kipangiwe. Kinahamishika au hakihamishiki?"

"Si kitu. Ni mtoto."

"Kinatembea?"

Nyuma yangu nikasikia zege likiburuzwa sakafuni.

"Kama hatembei, ni wa kwetu," akasema Kiwanja.

Nikageuza kichwa. Bikoni mbili zilikuwa kulia kwangu na mbili kushoto. Mwanzo zilikuwa mbali, kwenye kuta. Sasa zilikuwa karibu kiasi cha kuona mchwa wakitembea juu yake.

"Ulisema huhamishiki," nikamwambia.

"Sihamishiki. Wewe ndiye unayesogea."

Nikatazama chini. Sakafu ya benki haikuwepo, ni udongo mwekundu uliolimwa, na katikati yake imesimama pingili yangu, nyeupe. Tulikuwa ndani ya Kiwanja. Andalwisye alikuwa humo humo, amevaa koti lake la jana, ameshika ncha moja ya futi kamba. Ile nyingine alinitupia.

"Shika hapo, dada. Tukishapima huyo hana pa kwenda."

"Huyo ni Atu," nikasema.

"Ndiyo. Simwondoi. Nampa mahali pa kukaa." Na uso wake ulikuwa mwema kabisa. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko mchwa na magunia.

Hapo Atu akasema, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ndogo sikioni kwangu.

"Bibi, sema mimi ni mzigo."

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Babu Andalwisye. Jana alivyokuwa anaondoka alikuambia mlangoni, huo mzigo utakumaliza. Mimi nilikuwa nimefumba macho tu. Mzigo unahamishika, Bibi. Wakiandika mzigo, hawatanipanda."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho. Mtoto amelisikia, amelala nalo, ameligeuza huku na huku mpaka akalipatia kazi ya kutuokoa sisi sote wawili. Na mimi mlangoni pale nilisema nini? Nilisema, haya, usiku mwema.

"Nirudishie pingili zangu," nikamwambia Mizani.

"Haishauriwi."

"Nirudishie."

Akauliza kwa niaba yangu, maana alikuwa mtumishi wa haki. Magunia yakasema bei haijafika. Hati Fungani akasema bado mbichi. Parachichi hakuwa na sauti tena, alikuwa amerudi kuwa ua. Kiwanja alizidi tu kutosogea, na bikoni zikawa zinanigusa mbavu.

"Iliyobaki ni moja," akasema Mizani. "Ile ya shingoni, inayoinua uso ukiongea na watu. Hiyo ni akiba ya dharura. Hiyo haiguswi."

Mikono ilikuwa imefungwa, lakini vidole vilikuwa huru, na vidole vyangu vinaijua kazi yake. Nilimshusha Atu, nikamlaza kifudifudi juu ya udongo. Nikapandisha gauni lake. Pale chini ya kovu palikuwa wazi tena, kama nilivyopaona siku aliyozaliwa, padogo, pekundu, panapumua. Nikaomba maji ya kunawa. Mizani akaniletea, sijui kwa mkono upi.

"Unaweka yote mahali pamoja," akasema.

"Ndiyo."

"Tena mahali dhaifu."

"Ndiyo. Nimulikie."

Andalwisye akaiachia futi kamba. "Dada," akasema, na sasa alikuwa analia, "kikianguka umeanguka nacho."

"Basi sogea, nisikuangukie."

Nikaitoa ile pingili ya shingo. Ilitoka kwa mlio wa kijiti kinachovunjwa. Nikaipachika pale palipokuwa wazi, nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaa. Kichwa changu kikaanguka mbele, kidevu kikagonga kifua, na tangu hapo sikuona nyuso za watu. Niliona udongo na miguu tu. Niliona viatu vya Andalwisye. Niliona bikoni moja ikirudi nyuma, taratibu, kama mtu anayetoka msibani. Halafu, karibu kabisa na pua yangu, nikaona nyayo mbili ndogo zimekanyaga chini, vidole vimejipinda vikishika udongo.

Sikuweza kuinua uso nione ni za nani.

Nikaamka. Kumekucha, jua limeshaingia dirishani, jirani anatwanga. Atu amelala kitandani kwake kifudifudi, kama anavyolala siku zote kwa sababu ya kovu. Nikaenda kumkagua mgongo. Nafanya hivyo kila asubuhi, kuangalia kama ngozi imechubuka, maana yeye akichubuka huko chini hasikii.

Nikapitisha kidole. Kovu lipo, laini kama lilivyo. Chini ya kovu, pale ambapo miaka yote kidole changu hupita patupu, palikuwa na nundu.

Haikuwa uvimbe. Uvimbe naujua. Ulikuwa mfupa mgumu, mkavu, mkubwa kuliko mifupa yote ya mtoto yule, umekaa pale kama mtu mzima aliyekalia kiti cha darasa la awali.

"Bibi," akasema Atu ndani ya mto, "kuna kitu kinanisukuma."

"Kinauma?"

"Hapana. Kinasukuma mpaka huku miguuni."

Mlango wa mbele ukagongwa. "Dada, umeamkaje?" Andalwisye aliita kutoka barazani. "Watu wa kiwanja hawa hapa, wana haraka kidogo."

Nikapeleka mkono nyuma ya shingo yangu. Nilipapasa chini ya mstari wa nywele, nikafika mahali, na kidole kikazama.

"Dada?"

Nilitaka kuinua uso niongee kuelekea mlangoni, kama watu wanavyoongea. Uso haukuinuka. Nikamjibu hivyo hivyo, kidevu kifuani, nikiwa naitazama miguu ya Atu.

"Waambie waende," nikasema. "Wewe ingia. Njoo umwombe mtoto radhi."